Kiatu Juu ya Paa

Siku elfu moja na moja niliroweka ngozi,
nikajidunga vidole kwa shazia, nikafagia mabaki,
ndipo Fundi Sungur akaniambia: kesho, Turasan,
oga, uje na kiuno kitupu.

Baridi ya Sivas, theluji imefika dirishani.
Ndani ya zawia mshumaa wa mafuta ya kondoo
ulitoa moshi kuliko nuru.
Wazee walipanga magoti ukutani:
washona viatu, washona matandiko ya farasi,
na muuza asali mmoja
ambaye sikujua cheo chake, ila wote walimpisha.

Nikapewa bakuli la maji ya chumvi.
Maji ni hekima, wakasema, chumvi ni haki.
Nikanywa. Niliona kiu tu.

Fungua mkono. Fungua mlango. Fungua sinia lako.
Funga jicho. Funga ulimi. Funga kiuno.
Nikaitikia moja moja
kama mtoto wa chuo na alifu kwa kijiti.

Mkanda wa sufu ulikwisha kunizunguka,
fundo la kwanza limekazwa,
mlango ulipogongwa.

Karaja, mchota maji. Mkononi kiatu,
soli imeachama
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
"Siku tisa," akasema. "Tisa tu."
Akafungua tambara la mguuni, akatuonyesha
vidole viwili vilivyogeuka vyeusi.

Muhuri ulikuwa wa Sungur.
Mshono ulikuwa wangu.
Nliujua hata usiku wake: arusi ya binamu,
ngoma zinaniita kutoka mtaa wa pili,
nami navuta uzi mbiombio, sikuupaka nta.

Muuza asali akauliza: nani?

Nikafunga ulimi.
Si ndivyo nilivyofunzwa,
chumvi ingali kwenye midomo?

"Muhuri ni wangu," akasema Sungur.

Tukatoka sote uani. Kiatu kikarushwa juu ya paa,
kikateleza kwenye theluji, kikarudi miguuni petu.
Mtu alicheka, akajizuia.
Sungur mwenyewe akakiokota,
akakipangusa, akampa mrushaji.
Mara ya pili kikakaa.

Kisha akarudi ndani kunimalizia.
Fundo la pili. Mikono haikutetemeka.
Kwenye la tatu fundi huinama sikioni,
humpa mwanagenzi neno ambalo wengine hawalisikii.
Akainama.
"Ulimi hufungwa juu ya aibu ya mwenzio.
Juu ya yako, hufunguliwa."
Akakaza hadi nikakosa pumzi.

Halua ikaletwa. Nikala.

Mwenye kiatu paani hauziwi ngozi, hanunuliwi kitu.
Theluji ilipoyeyuka alipakia punda wake kwenda Tokat.
Meza ya kazi aliniachia mimi,
na donge zima la nta, halijaguswa.

Tangu hapo nimefunga vijana saba.
Yote nayasema kwa mpangilio wake,
maji, chumvi, mkono, mlango, sinia,
sauti yangu nzuri, wazee hunisifu.
Lakini kwenye fundo la tatu, sikioni,
nimekuwa nikisema: chunga macho yako, taa hafifu huyaua.
Wao hudhani ni fumbo.
Huenda kulitafakari.

Kesho ni zamu ya wa nane, Balaban,
mtoto mwenye maswali mengi.

Leo nilipanda kukoroga theluji, paa lisije likabonyea,
koleo likagonga kitu kigumu kama gogo.
Nikavua glavu, nikahesabu mishono kwa ukucha:
sita,
palipotakiwa tisa.

Nimekishusha. Kipo hapa mezani, kando ya mkanda mpya.
Barafu inakitoka tone kwa tone,
na baada ya miaka yote hii
kimeanza tena kunuka ngozi.